Mwenyekiti wa Vyakula Vibichi

OPERETA: Kilosa, Kilosa, pokea Mikumi. Haya Mikumi, ongea.

HILDEGARDA: Haloo? Nani kashika simu huko? Haloo?

FILOMENA: Haloo, ni Filomena hapa. Naongea na nani?

HILDEGARDA: Hildegarda. Wifi yako.

FILOMENA: Eeh, wifi. Shikamoo.

HILDEGARDA: Marahaba. Hamjambo huko? Agnesi na kichanga chake?

FILOMENA: Hawajambo wote. Stefano kaja kuniita mbio, anasema njoo ofisini mama mkwe, simu yako. Nimetoka na kanga moja. Nani kafa?

HILDEGARDA: Hakuna aliyekufa.

FILOMENA: Wifi, mtu hatoki Ruhembe mpaka Mikumi kupiga simu ya salamu. Niambie tu, nimeshakaa kwenye kiti.

HILDEGARDA: Nasema hakuna aliyekufa. Nimekuja kwa ajili ya ule ujumbe uliompa Lukasi wa treni.

FILOMENA: Ulifika, basi.

HILDEGARDA: Ulifika mbele za watu, maana Lukasi hajui kunong'ona. Kasimama pale dukani, kasema, Mama Agnesi anasema Oswald aoe.

FILOMENA: Kapunguza. Nilisema aoe huko huko alikopata jiko.

HILDEGARDA: Sasa wifi, sikiliza —

FILOMENA: Nisikilize nini? Mwanamume kanikataza kuwasha moto ndani ya nyumba yangu mwenyewe, halafu anakutwa jikoni kwa mjane. Jikoni kwa Odilia, saa saba mchana, na mlango umerudishwa.

HILDEGARDA: Mlango ulirudishwa, ni kweli. Ila hukuambiwa alikuwa ameshika nini.

FILOMENA: Sitaki kujua alikuwa ameshika nini.

HILDEGARDA: Alikuwa ameshika ukoko.

[mkwaruzo]

FILOMENA: Ameshika nini? Laini inakwaruza.

HILDEGARDA: Ukoko. Ukoko wa wali, kaushika kwa mikono miwili, kajificha nyuma ya mlango anatafuna.

FILOMENA: Oswald? Mume wangu huyu?

OPERETA: Dakika tatu, Mikumi. Mnaongeza?

HILDEGARDA: Ongeza, binti.

OPERETA: Nimeongeza. Samahani lakini, mama zangu. Shikamooni.

FILOMENA: Marahaba.

HILDEGARDA: Marahaba. Kumbe upo humu humu?

OPERETA: Nilikuwa naangalia kama laini iko sawa. Kwani mtu kula ukoko ni kosa?

FILOMENA: Kwa huyo mzee ni kosa, mwanangu. Miezi saba sasa hali kitu kilichopita motoni. Ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha redio. Kila Jumanne tunakaa darasani shuleni, redio mezani, tunasikiliza mafunzo ya lishe. Siku hiyo mwalimu wa redioni akasema mboga zikipikwa kupita kiasi zinapoteza nguvu zake, na mafuta mengi si mazuri, na matunda tule kila siku. Akasema, "Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, kuanzia leo —" betri zikaisha.

OPERETA: Zikaisha hapo hapo?

FILOMENA: Hapo hapo. Mwenyekiti mwingine angengoja Jumanne inayofuata. Mume wangu alisimama akamalizia darasa mwenyewe. Akasema, "Kuanzia leo, kilichopita motoni kisipite kooni."

HILDEGARDA: Na kiungulia je? Mbona hulisemi hilo, wifi? Miaka tisa kaka yangu alikuwa hawezi kulala chali. Alipoanza kula vibichi, mwezi haukwisha, kiungulia kikaondoka.

FILOMENA: Kiliondoka, sikatai. Hata uso ulipata nuru. Lakini hakuishia hapo. Asubuhi papai, mchana matango na nyanya, jioni kabichi na karoti, na mchicha anautafuna kama ulivyotoka bustanini. Mafuta ya kula kayakataza. Karanga kazikataza. Nazi, anasema, ni mafuta yaliyovaa gamba. Nikimwambia mimi tumbo langu linataka kitu cha moto, ananipa chungwa lililokaa juani.

OPERETA: [anakohoa]

HILDEGARDA: Usicheke, binti. Kijiji kizima kilimfuata.

FILOMENA: Wiki moja, wifi. Walimfuata kwa sababu kuni ziko mbali. Wiki ya pili kila nyumba ilikuwa inapika kwa siri, naye anapita nyumba kwa nyumba pua juu kama anatafuta mahali panapovuja. Mimi mwenyewe nilikuwa nabeba sufuria yangu chini ya kanga naenda kuipikia kwa jirani. Kwa hiyo Agnesi alipojifungua nikasema Mungu mkubwa, nakwenda kulea mzazi.

HILDEGARDA: Kulea mzazi miezi mitano. Mtoto anakaribia kuota meno.

FILOMENA: Mtoto ana tumbo jepesi.

HILDEGARDA: Haya. Sasa nikueleze yaliyompata mwenzio baada ya wewe kuondoka, maana Lukasi kakuletea mkia tu wa habari. Mwezi wa kwanza alikaa vizuri. Anakula tango zima zima mlangoni, anawaambia wapita njia anajisikia mwepesi. Mwezi wa pili wepesi ukazidi. Suruali akawa anaifunga kwa kamba ya katani. Alfajiri moja kaenda bustanini kachuma mchicha, akamkuta mbuzi wa Makarius yuko kwenye tuta lile lile. Wakatazamana. Waliokuwepo wanasema aliyeondoka ni mbuzi.

FILOMENA: [anacheka kidogo, anajizuia] Endelea.

HILDEGARDA: Jioni akawa anakuja kwangu. Namkaribisha chakula, anakataa. Anakaa tu. Anauliza kama kuna barua kutoka Kilosa. Namwambia hakuna. Anasema hakuuliza kwa sababu yoyote, anauliza tu kwa kuwa treni ilichelewa. Jana yake nayo treni ilichelewa. Kila siku treni ilichelewa, wifi.

FILOMENA: [kimya]

HILDEGARDA: Haloo?

FILOMENA: Nipo.

HILDEGARDA: Ikaja palizi ya shamba la kijiji. Zamu ya kuwapikia wafanyakazi ikamwangukia Odilia, kwa kuwa ndiye mwenye jungu kubwa. Siku ya kwanza Oswald kapita nje, harufu ikamshika, akatembea mpaka kwa katibu wa kijiji, akageuka. Kapita tena. Mara ya tatu akaingia, kasimama mbele ya moto, kamwambia Odilia amekuja kukagua kama mboga hazichemshwi kupita kiasi. Odilia alimtazama ile kamba ya katani, hakusema neno. Akageukia jungu, akabandua ukoko, akampa juu ya mfuniko.

OPERETA: Akapokea?

HILDEGARDA: Akapokea. Odilia anasema alikula amefumba macho. Alipomaliza akamwomba, "Dada yangu, nakusihi, jambo hili lisitoke humu jikoni." Naye Odilia akamwapia kwamba halitatoka. Basi siku nne ikawa hivyo. Watu wakishakula na kurudi shambani, yeye anaingia, mlango unarudishwa, anatafuna, anatoka na tango mkononi.

FILOMENA: Na tango mkononi.

HILDEGARDA: La kuonekana nalo. Siku ya tano Makarius, balozi wetu wa nyumba kumi, kaja kudai kijiko chake, kasukuma mlango. Kaona kiza, kaona watu wawili, na mmoja anatokwa jasho. Hakungoja kuona la tatu. Mpaka jioni kijiji kizima kilishajua.

OPERETA: Mikumi, dakika sita zimekwi— basi, nimeongeza. Hakuna mtu anayengoja laini.

HILDEGARDA: Asante, mwanangu. Jumapili wakaita mkutano shuleni. Hapa ndipo nataka usikilize, wifi, haya mengine ni mapambo.

FILOMENA: Nasikiliza.

HILDEGARDA: Makarius alieleza aliyoyaona. Wakamwinua Odilia, wakamuuliza Oswald alikuwa anafuata nini kwake. Odilia kasimama, mikono mbele, kimya. Wakamuuliza tena. Kimya. Si alikuwa ameapa? Watu wakachukulia kwamba amekubali. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, kanyanyuka kasema basi huyu hafai kubaki kwenye nyumba ya kaka yetu, arudi kwao. Na mama mmoja kasema hata jungu la kijiji asiguse tena.

FILOMENA: Na mume wangu?

HILDEGARDA: Mumeo kakaa mbele pale, wanaume wanampigapiga bega. Kwao hiyo haikuwa aibu, wifi, unawajua. Walikuwa wanamtazama kwa heshima ambayo hajawahi kuipata kwa matango. Kunyamaza tu kungemtosha. Angetoka pale na uenyekiti wake, na watu wangesema kumbe majani yana nguvu.

OPERETA: Akanyamaza?

FILOMENA: Binti, acha aseme.

HILDEGARDA: Alinyamaza kidogo. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Kamtazama Odilia, Odilia anatazama chini. Ndipo akasimama, kashika suruali yake, kasema, "Ndugu zangu, huyu mama hana kosa. Sikumfuata yeye. Nilifuata ukoko."

[mkwaruzo mrefu]

FILOMENA: Alisema hivyo mbele za watu?

HILDEGARDA: Mara mbili, maana mara ya kwanza hakuna aliyeelewa. Wengine walidhani ni fumbo. Akafafanua. Akasema ni siku tano mfululizo anakula ukoko, na siku ya tatu aliomba na mchuzi. Akasema Odilia amenyamaza kwa sababu yeye ndiye aliyemwapisha, na kama kuna mtu wa kurudi kwao ni yeye, ila kwao ni hapa hapa. Wifi, watu walicheka mpaka katibu akatoka nje kushika ukuta. Shemeji yake Odilia kaomba radhi. Makarius kapewa kijiko chake. Uenyekiti wa redio wakamvua pale pale, wakampa Mwanvua, ambaye kabla hajakaa aliuliza betri za akiba ziko wapi.

FILOMENA: Na Odilia?

HILDEGARDA: Alikaa chini, akajifunika kanga usoni. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

FILOMENA: Ulikuwa ukoko wa nini? Wa nazi?

HILDEGARDA: Wa nazi.

FILOMENA: Aha. Nazi ya Odilia haina gamba.

HILDEGARDA: Wifi.

FILOMENA: Siku tano mfululizo. Lazima ulikuwa mtamu kuliko wangu.

HILDEGARDA: Aliulizwa. Mama mmoja wa nyuma kauliza kwa dhihaka, "Na wa nani mtamu?" Oswald kafikiri. Unamjua anavyofikiri, kama anapiga mahesabu ya mbegu. Kasema wa Odilia ulikuwa umeungua kidogo. Kasema wa Filomena hauungui, unakauka, ukiuvunja unalia. Halafu akashindwa kuendelea, akakaa.

FILOMENA: Alisema unalia?

HILDEGARDA: Unalia. Ndivyo alivyosema.

FILOMENA: Ni kweli lakini. Mimi sipalii makaa juu ya mfuniko mpaka maji yakauke yenyewe. Odilia ana haraka, tangu zamani. Moto wake mkali.

HILDEGARDA: Sijui hayo, mimi nakwambia alivyosema.

FILOMENA: Na amekutuma uje uniambie?

HILDEGARDA: Hakunituma.

FILOMENA: Hakukutuma?

HILDEGARDA: Hata. Amenisindikiza tu mpaka barabarani kungoja lori, kanibebea mfuko, kaniuliza mara tatu kama namba ya ofisi ya Stefano ninayo. Kasema huenda nikapenda kuwa nayo.

FILOMENA: Sasa anakula nini?

HILDEGARDA: Karudi kwenye matango. Anasema jikoni kwa Odilia hakanyagi tena, asije akamletea mama wa watu maneno. Na mwenyewe kupika hajui. Juzi kajaribu kuchemsha magimbi. Tulimkuta anayachoma kwa uma kila dakika kama anaua nyoka.

OPERETA: [kwa sauti ya chini] Mama zangu, bosi anapandisha ngazi. Malizeni.

HILDEGARDA: Wifi, nimwambie nini?

FILOMENA: Usimwambie kitu.

HILDEGARDA: Wifi.

FILOMENA: Papai asubuhi ale, kama linamfaa kiungulia. Na matango nitamkatia mimi, si ya kung'ata kama mbuzi. Lakini mchana atakula kilichopikwa, na mafuta kijiko kimoja nitatia, apende asipende. Hilo mwambie.

HILDEGARDA: Kwa hiyo unakuja.

FILOMENA: Sijasema nakuja.

HILDEGARDA: Umesema utamkatia matango.

OPERETA: Yuko mlangoni.

FILOMENA: Nina sufuria yangu kubwa niliiacha kwa jirani. Alhamisi kuna treni ya Kidatu. Nakuja kuchukua sufuria.

HILDEGARDA: Sufuria tu?

FILOMENA: Sufuria tu. Wifi, msalimie —

OPERETA: Mikumi, muda wenu umekwisha kabisa.

HILDEGARDA: Haya, kwa heri, wifi, mbusu mtoto —

FILOMENA: Wifi, ngoja! Mwambie achanje kuni. Na ziwe kavu.