Neno la Mireille Kwenye Kona

Wapendwa waombolezaji, desturi inataka tuanze na kuzaliwa, na huko tutafika, lakini familia inaomba kwanza iweke mbele yenu jambo moja ambalo imelijadili kwa miaka kumi na tisa bila kuuona mwisho wake. Jumapili ya tarehe 23 Agosti 1987, katika uwanja wa michezo mjini Bern, Uswisi, dada yetu Mireille Nabintu Cirhuza, akiwa na jezi ya Ufaransa mwilini na kijiti mkononi, alifungua mdomo akaita neno, na hadi leo hatujui lilikuwa neno gani. Yeye alisema ni "hop". Mdogo wake Gustave, aliyekuwa jukwaani karibu na kona, alisema ni "shika". Mwenzake aliyepaswa kupokea kijiti alisema hakusikia neno, alisikia sauti tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 huko Bukavu, mtaa wa Kadutu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Sylvestre Cirhuza, muuguzi, na marehemu Mama Immaculée. Mwaka 1971 baba alipata nafasi ya masomo mjini Lyon, na mwezi Desemba mwaka uliofuata mama na watoto wawili walimfuata, wakakaa Villeurbanne, ambako Mireille alisoma shule ya msingi na ya sekondari, akamaliza mwaka 1981, kisha akapata stashahada ya ualimu wa michezo mwaka 1985. Baba aliweka sheria kwamba Kifaransa kinavuliwa mlangoni pamoja na viatu, kwa hiyo ndani ya nyumba ile mambo yote yalisemwa kwa Kiswahili cha Bukavu, hata mchezo wa Mireille na Gustave wa kupokezana mwiko wa mama kwenye korido, mmoja akikimbia na kuita "Shika!", mwingine akinyoosha mkono nyuma bila kutazama, na mama akipiga kelele jikoni, "Mulete mwiko yangu, bugali inaungua!"

Alijiunga na klabu ya riadha ya mtaani kwao mwaka 1978, akakimbia mita mia moja na mia mbili, na mwezi Mei 1984 aliitwa katika timu ya taifa ya wanawake ya mbio za kupokezana vijiti, akapewa nafasi ya tatu, ile ya kukimbia kona, kwa sababu kwenye kona hakuwa na mpinzani. Miaka mitatu alimpelekea kijiti Sabine Morvan, binti wa Brest, aliyemaliza mbio. Katika mbio hizo anayepokea hageuki nyuma, anaanza kukimbia akitazama mbele, na mkono wake haunyooki mpaka asikie neno, na neno la timu ile lilikuwa "hop". Siku ya Bern mkono wa Sabine haukunyooka, kijiti kikamgonga kwenye kiwiko, kikaanguka, na Ufaransa iliyokuwa ikiongoza haikumaliza.

Kocha aliwauliza wote wawili, na kwa muda wa saa moja kosa lilikuwa la watu wawili, kama makosa ya kijiti yalivyo siku zote. Ndipo Gustave, kijana wa miaka ishirini na mbili, akashuka jukwaani kwa nia ya kumtetea dada yake, akamwambia kocha kwa ufasaha wake wote kwamba Mireille hakunyamaza, aliita, yeye mwenyewe amemsikia akiita "shika". Kocha akauliza hilo ni neno la lugha gani, akajibiwa ni Kiswahili. Kuanzia jibu lile kosa likawa la mtu mmoja, na majina ya timu ya mwaka uliofuata yalipotajwa, jina la Mireille halikuwemo.

Huenda wengine wangemsamehe Gustave jibu lile. Lililokuwa gumu zaidi ni kwamba baadaye, ama kwa aibu ama kwa sababu watu walicheka mara ya kwanza aliposimulia, aliligeuza kuwa kichekesho cha sherehe, "Yaya, dada yangu mkubwa, si ungesema tu hop!", kikasafiri kwa Wakongo wa Lyon, wa Brussels na hatimaye wa hapa Birmingham, hata watoto ambao hawakuwahi kumwona akikimbia wakamwita Mama Shika. Krismasi ya mwaka 1987 Mireille aliacha kusema Kiswahili, na hakuna aliyemsikia akikisema tena kwa karibu miaka kumi na tisa.

Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Bwana Léopold Barthe katika ukumbi wa manispaa ya Villeurbanne, mwaka 1989 aliacha mashindano, na tarehe 2 Machi 1990 walijaliwa mtoto wao wa pekee, Déborah. Mwaka 1997 kazi ya Bwana Léopold katika kiwanda cha magari iliwaleta Birmingham, wakakaa mtaa wa Ladywood, na ndoa ilivunjika mwaka 2002, jambo ambalo familia inalitaja bila kumlaumu mtu, na Bwana Léopold yuko nasi hapa leo. Marehemu alifanya kazi ya kuwarudisha katika mwendo watu waliopasuliwa nyonga na magoti, na wenzake wa kazi wamejua juzi tu kwamba aliyekuwa akiwafundisha wazee kupanda ngazi aliwahi kuwa miongoni mwa wanawake wenye kasi zaidi nchini Ufaransa.

Mwaka 2000 Gustave naye alihamia mtaa wa Kingstanding, hapa hapa Birmingham, na familia yake, mabasi mawili tu kutoka kwa dada yake, na Pasaka ya mwaka 2001 alikwenda akabisha hodi, akajibiwa kwa Kiingereza kupitia mlango uliofungwa kwamba amekosea nyumba. Hakurudi. Jirani wa Mireille wa ghorofa moja, Bi Vidya, mzaliwa wa Kisumu, alimsalimia kwenye lifti kila walipokutana, "Habari za asubuhi, jirani?", na kila mara alijibiwa, "Morning, Vidya."

Jumanne tarehe 12 Septemba mwaka huu wa 2006 marehemu alipatwa na kiharusi kazini. Alipozinduka hospitalini, Kiingereza kilikuwa kimeondoka, Kifaransa pia, akawa anatoa maneno ambayo Déborah alidhani ni ya mtu aliyechanganyikiwa, mpaka siku ya tatu Bi Vidya alipoingia na chupa ya uji, akasikiliza kidogo, akasema, "Haropoki huyu! Anataka maji, halafu anasema hii mto yenu ni kama mawe." Lugha aliyoifungia ndiyo pekee iliyobaki, na binti yake hakuijua. Jioni hiyo Déborah alimpigia simu mjomba wake.

Dada alimtazama aliposimama mlangoni, akasema, "Umekuya na mzaha yako?" Gustave alisema hapana. Tangu siku ile alikwenda kila jioni, na kila kitu ambacho Déborah alikisikia kutoka kwa mama yake kilipita kwanza mdomoni mwa Gustave, na mambo mengine yalikuwa matamu, na mengine hayakuwa. Alipata siku moja ujasiri wa kumuuliza aliita nini Bern, naye akamjibu, "Weye ulikuwa unakula karanga. Ungesikia nini?" Katikati ya Oktoba alimwambia, "Umwambie mtoto, siku yangu ikifika, weye usishike sanduku." Gustave alimgeukia Déborah akayatafsiri maneno hayo kwa Kiingereza, yote, akisema wazi kwamba anayekatazwa ni yeye mwenyewe, na Bi Vidya aliyekuwepo anashuhudia kwamba hakupunguza kitu.

Marehemu alipatwa na kiharusi cha pili, akafariki dunia Jumatatu tarehe 6 Novemba alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Vidya na majirani wa Ladywood, wafanyakazi wenzake, kanisa lililotupokea, na Sabine Morvan aliyesafiri kutoka Brest.

Lililobaki ni uamuzi. Jumatano iliyopita familia ilikutana Kingstanding, na wazee kadhaa walisema maneno ya mgonjwa yasihesabiwe, Gustave abebe, watu wapatane. Déborah alikataa, akasema mama yake alikuwa na akili zake, na mjomba hatagusa jeneza. Lakini, akaendelea, kwa kuwa wabebaji wangepokezana kwenye lango la kanisa, wanne wakiwaachia wanne, lazima awepo mtu wa kuita, na mama hakumkataza mtu kutumia sauti. Mjomba ataita, na neno litakuwa "hop". Gustave akauliza, "Na kama silo aliloita?" Déborah, ambaye hatukuwahi kumsikia akisema Kiswahili, akamjibu mjomba wake, "Mum alisema hop, Tonton."

Kwa hiyo ninyi mliosimama langoni asubuhi hii na kushangaa sauti ile, aliyeita ni Gustave Cirhuza, mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo. Wa mbele kushoto katika wale wanne waliopokea alikuwa Sabine. Hakugeuka nyuma, alinyoosha mkono aliposikia neno, na hakuna kilichoanguka.

Mireille, umesikika. Pumzika kwa amani.