Ukurasa Chini ya Jalada

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa kujalidi vitabu, mtu aliyeshona upya Biblia za nusu ya mtaa wetu. Watoto walimwita Babu Gundi. Alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na minne.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza moja, dirisha moja na harufu ya gundi ya unga. Niliwahi kumpelekea Biblia ya marehemu mama yangu. Aliifungua taratibu, akaniambia, "Mama yako alilia sana kwenye Zaburi. Tazama karatasi zilivyojikunja." Kisha akarudi hadi Mwanzo, sura ya tano. "Hapa pako safi. Kila Biblia inayoletwa, hapa huwa safi. Watu wanaruka."

Yeye hakuruka. Sura hiyo ni orodha ya wazee walioishi mamia ya miaka. Huyu aliishi miaka mia tisa na kitu, akazaa, akafa. Na anayefuata vivyo hivyo. Babu Gundi aliisoma kila asubuhi kabla ya kushika sindano.

Alianza kuisoma kwa sababu ya binti yake. Binti alikuwa akikaa chini ya meza, akipanga nyuzi kwa rangi, na hesabu zile zilimchekesha.

"Baba, Methusela aliishi miaka mia tisa sitini na tisa. Alimaliza jozi ngapi za viatu?"

"Mbili tu, mwanangu. Mafundi wa zamani hawakulipua kazi."

Mwaka mmoja alikuwa akiijalidi Biblia ya nyumbani kwake. Alibandika karatasi ya mwisho ndani ya jalada, akaikandamiza kwa mawe. Jioni binti akaja. "Baba, umesoma nilichoandika kwenye ile karatasi?"

Hakuwa amesoma. Kazi za watu zilikuwa zimemzidi, akabandika bila kuangalia. "Nitaifungua nikipata nafasi," akamwambia.

Miezi mitatu baadaye, binti alifariki kwa homa. Wasikilizaji wapendwa, alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Karatasi ile ilibaki chini ya jalada miaka thelathini na mitatu. "Nikiichana, nitakuwa nimempoteza mara ya pili," alisema.

Mkewe anakumbuka: "Nilimchokoza. Vitabu vya watu unavibandua umefumba macho, chako kinakushinda? Ananijibu, mkono bado haujatulia, mama."

Siku moja nilimuuliza kama anawaonea wivu wazee wale wa Mwanzo. Alikata uzi. "Miaka yao siitamani. Natamani jioni ile moja. Methusela alipewa yote hiyo, na hatukuandikiwa hata neno moja aliloongea na mtoto wake. Mungu simlaumu. Ila namuuliza."

Baada ya mazishi, mkewe alichemsha birika. Akalishikilia jalada la ile Biblia kwenye mvuke, akachukua kisu butu cha mfupa cha marehemu. "Nimekaa kando ya meza ile miaka arobaini," aliniambia. "Unadhani nilikuwa nimelala?"

Karatasi ilitoka nzima. Maandishi ni ya penseli:

*Baba akaishi miaka mia tisa na sabini, akamzidi Methusela kwa mmoja. Mama naye akaishi miaka mia tisa na sabini, kwa sababu Baba hajui kupika. Na mimi nikaishi nao.*

Hakuna mahali alipoandika "akafa".

Mama yule alicheka, kisha akalia. "Sabini na minne tu ametumia," alisema. "Amebakiza mia nane tisini na sita. Huko aliko, nafasi ya kukaa na mwanawe ataipata."

Kwako mama, na kwa ndugu wote, poleni sana. Mungu awashike mkono. Na wewe unayetusikiliza, kama kuna mtu nyumbani aliyekuuliza jambo, nawe ukasema ukipata nafasi, punguza sauti ya redio sasa hivi. Mwendee.

Lile jalada, mama hajalibandika tena.