Sauti Iliyotoka Ndani ya Friji

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama kuna bomba linamwaga maji, lifunge. Kama kuna watu wanabishana jikoni, waambie watulie kidogo. Leo nina habari ambayo sikio moja halitoshi. Leo tunamkumbuka Mkasi!

Ndiyo, Mkasi mwenyewe. Yule wa mchezo wa redio, aliyewafanya baba zenu waache kula na mama zenu waunguze mboga. Yule mwenye sauti nzito ya kutisha: "Fungua. Sina haraka." Mtu aliyekuwa akiitoa sauti ile amefariki. Jana tumemzika. Alikuwa fundi wa friji. Narudia kwa aliyechelewa kukaa: Mkasi alikuwa fundi wa friji.

Mtaani walimwita Fundi Baridi, kwa kazi yake na kwa upole wake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani kulijaa milango ya friji iliyong'olewa, mitungi ya gesi, na mabomba membamba ya shaba yaliyoning'inia ukutani. Alikuwa mtu wa kuongea chini chini. Mke wake ameniambia, "Ukitaka kumsikia mume wangu, uzime feni kwanza." Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na wahenga hawakukosea.

Alifikaje redioni? Sikilizeni kisa hiki! Friji ya kantini ya kituo iliharibika, fundi akaitwa. Akatoa rafu zote, akaingiza kichwa na mabega ndani, akawa anagombana na skrubu iliyoshika kutu. "Toka," akaiambia. "Toka, sina haraka nawe." Mtayarishaji wa michezo ya redio, mama mmoja mkali asiyecheka ovyo, alikuwa anapita na kikombe cha chai. Kikombe kikamponyoka! Lile sanduku tupu liliipokea sauti nyembamba ya fundi, likaitoa nzito na yenye mikwaruzo, sauti ya mtu usiyetaka kumfungulia mlango.

"Nani humo?" mama akauliza.

Fundi akatoa kichwa. "Ni fundi tu, mama," akasema kwa sauti yake ndogo.

"Rudi ndani. Rudi, useme tena."

Wiki ile ile wakabeba friji kongwe isiyo na mota, wakaisimamisha studioni. Wenzake waliigiza wamesimama mbele ya maikrofoni. Fundi Baridi aliigiza akiwa ameinama, kichwa ndani ya friji, maikrofoni yake imefungwa kwa kamba pale juu. Mchezo ulikwenda hewani moja kwa moja, kila Alhamisi jioni. Ukikosea, umekosea mbele ya nchi nzima!

Na kulikuwa na sheria. Waigizaji wa mchezo ule hawakutajwa majina kamwe. Waliingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa nyuma. "Siku watu watakapojua Mkasi ana mke anayemfokea kwa kusahau sukari," mama yule alisema, "siku hiyo Mkasi amekufa." Hata huyo mke hakuambiwa. Alidhani mumewe anakwenda kutengeneza friji za kituo. "Nikawa najiuliza," anasema, anacheka huku anafuta machozi, "hizi friji za redio zina ugonjwa gani usiopona?"

Kwa vijana ambao hawakumsikia, Mkasi alikuwa mtu wa namna gani? Mwizi. Mwongo pia. Alimvamia mlezi aliyekula mali ya yatima, akamnyang'anya, akawarudishia yatima. Safi! Lakini alichoma ghala la mlanguzi, na moto ule ule ukala nyumba ya mjane wa jirani. Nusu ya wasikilizaji walimpenda, nusu walimlaani, na wote waliwasha redio Alhamisi. Kuna ndoa zilitikisika kwa sababu ya Mkasi, nisiwadanganye.

Sasa sogeeni. Hapa ndipo mchezo ulipotoka redioni ukaingia nyumbani kwa watu.

Fundi alikuwa na dada mmoja, mdogo wake wa mwisho, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Dada huyu aliolewa na msimamizi wa ghala, mtu wa kifua mbele, mtaani wakimwita Bosi. Bosi alikuwa na mkono mwepesi. Nimesema mkono mwepesi, sasa niseme wazi: alimpiga mke wake. Siku moja akamfukuza, akabaki na watoto wao wawili, msichana na mvulana, akafunga mlango. "Ukiwataka, rudi upige magoti," akamwambia. Wazee wa pande mbili walikaa, wakanywa chai, wakaondoka. Mama akawa anawaona wanawe kwa mbali tu, wakitoka shule.

Na Bosi huyo huyo, wasikilizaji wapendwa, alikuwa mpenzi mkubwa wa Mkasi! Alhamisi hakukosa. Hakujua kwamba Mkasi ni shemeji yake.

Kisha friji ya Bosi ikagoma. Na Bosi, pamoja na ugomvi wote ule, akamwita shemeji yake aje kuitengeneza. Uso mkavu ulioje! Udugu umekufa, lakini ufundi wa bure bado uko hai.

Fundi akaenda, Jumamosi mchana. Watoto walikuwa wanacheza kwa jirani. Bosi yuko sebuleni, miguu juu ya meza, redio imezimwa. Fundi akaingia jikoni, akaivuta friji kutoka ukutani, akatoa rafu, akaingiza kichwa. Kisha akasema.

"Bosi. Fungua. Sina haraka."

Bosi akaitazama redio, maana sauti ndogo ya shemeji yake aliijua, na hii haikuwa yake. Redio imezimwa!

"Watoto wale, Bosi. Kabla jua halijazama wawe kwa mama yao. Nikija kuwachukua mimi, sitabisha hodi."

Mguu niponye! Bosi alitoka na kiatu kimoja, akausukuma mlango, akashika njia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa ngazi za jengo lile. Fundi alisikia kishindo. Akatoka jikoni mbio, akamkuta shemeji yake chini, mguu umepinda vibaya. Akambeba mgongoni mwenyewe mpaka barabarani kutafuta gari. Na njia nzima Bosi alikuwa akimnong'oneza sikioni, "Shemeji, wapeleke watoto kwa mama yao. Wapeleke leo leo."

Watoto wakarudi kwa mama yao. Vifijo! Ungekuwa mchezo wa redio, ningepiga muziki hapa tukaagana.

Lakini mguu ulipona vibaya. Bosi akawa anachechemea, na ghala likatafuta msimamizi mwingine. Hayo angeweza kuyabeba. Kilichommaliza ni kwamba alisema kweli. Aliwaambia watu kuwa Mkasi alimsemesha kutoka ndani ya friji. Watu walicheka wakashika mbavu. "Bosi, leo friji imesemaje?" "Bosi, tusalimie Mkasi!" Akaitoa friji nje, ikaota kutu mvuani. Akaacha kupita njia kubwa. Mke alipata amani, na mume akapata jina la mwendawazimu.

Fundi Baridi alijua, akanyamaza. Alhamisi anaingiza kichwa ndani ya friji ya studioni. Ijumaa anampita Bosi njiani, anainamisha macho. Alikuwa amemwokoa dada yake kwa uongo, na uongo ule ulikuwa unamla mtu mwingine akiwa hai. Moyo ulimuuma. Lakini kila alipowaona wale watoto wakila mkate wa moto kwa mama yao, ulimi ulikuwa mzito.

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Kituo kikaamua kuumaliza mchezo wa Mkasi. Na siku chache kabla ya sehemu ya mwisho, fundi akasikia habari iliyomkata maini: kaka zake Bosi wamekubaliana kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, akalazwe huko. Fundi akaenda moja kwa moja kwa dada yake, mtu pekee aliyeijua siri yake.

"Nikisema, watajua hana wazimu," akamwambia.

"Ukisema, atajua alidanganywa. Atakuja kuwachukua wanangu," dada akajibu. "Kaka, nakuomba. Usiseme."

"Yule atafungiwa."

"Afungiwe! Mimi aliponifungia nje ya wanangu, nani alisema?"

Dada hakukosea, wasikilizaji wapendwa. Na fundi naye hakukosea. Ugumu wa kisa hiki uko hapo. Fundi aliondoka bila kuahidi kitu.

Alhamisi ikafika. Mitaa mitupu! Maduka nusu mlango, watu wamekaa wawili wawili kwenye kiti kimoja mbele ya redio! Kwenye mchezo, Mkasi anapigwa risasi, anawaomba radhi wote aliowaumiza, anakata roho. Fundi akasoma mpaka mstari wa mwisho. Mkasi akafa. Mpiga muziki akainua mkono ili aanze. Fundi Baridi akatoa kichwa kwenye friji, akaisogelea maikrofoni ya wenzake, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ndogo:

"Mimi ni fundi wa friji. Mkasi ni mimi. Mume wa dada yangu hana wazimu. Alisikia sauti, na sauti ilikuwa yangu. Mguu wake nimeuvunja mimi. Ni mimi peke yangu. Basi."

Simu za kituo zikalia zote kwa pamoja! Mama mtayarishaji, yule mkali, akaketi chini sakafuni. Waliompenda Mkasi walilia, waliomlaani walilia. Na dada yake, aliyekuwa akisikiliza, aliwaingiza watoto chumbani akawaambia watie komeo kwa ndani.

Asubuhi Bosi akaja. Hakuja peke yake, alikuja na kaka zake wawili. Fundi alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni kwa dada yake, dada mwenyewe kando yake. Kila mtu alijua wamefuata nini: watoto.

"Rudia," Bosi akasema.

"Nirudie nini, shemeji?"

"Ile sauti. Mbele ya hawa."

Friji haikuwepo pale. Palikuwa na pipa la maji uani, tupu. Fundi akalilaza, akapiga magoti, akaingiza kichwa. "Fungua. Sina haraka." Wale kaka wawili, wanaume wazima na ndevu zao! Mmoja aliruka akamkanyaga mwenzake! Bosi akaanza kucheka. Akacheka, akacheka, kicheko kikageuka kilio, anawanyooshea kidole. "Mmesikia? Semeni mmesikia!"

"Tumesikia," wakasema. "Tumesikia, ndugu yetu. Tusamehe."

Kwa zogo lile watoto wakafungua komeo, wakachomoka nje. Wakamwona baba yao. Msichana akajificha nyuma ya gauni la mama yake. Mvulana akajifunika kichwa kwa mikono miwili, kama anayekinga kofi. Bosi aliiona ile mikono. Kila aliyekuwepo aliona kwamba ameiona.

"Wakae na mama yao," akasema. "Nitakuja kuwaona Jumapili. Kama nitaruhusiwa."

Aliruhusiwa. Alikuja Jumapili nyingi, akakaa uani, na taratibu mvulana akaacha kujikinga. Lakini tusipambe: hakumsamehe shemeji yake. Hawakuwahi kunywa chai pamoja. Dada naye alimnunia kaka yake muda mrefu. Kituo hakikumwita tena kazini. Akarudi karakanani, na watu wakawa wanamletea friji nzima zisizo na kasoro, ili wamwone tu! Yeye anazikagua, anazifunga, anawaambia, "Hii ni nzima, ndugu yangu. Nenda nayo salama."

Jana makaburini Bosi alikuja, anaegemea mkongojo. Akaomba kusema neno. Watu wakajiinamia, wakijua lolote linaweza kutoka.

"Huyu mtu alinivunja mguu," akasema. "Aliniacha nikachekwa kwa jambo alilolijua. Halafu akasimama mbele ya nchi nzima, akanirudishia akili zangu. Sasa niambieni, mimi nimlilie vipi?"

Kisha dada yake fundi akasogea mbele.

"Mlilie tu," akamwambia. "Siku ile hakutaka kuja kwako. Alikataa kabisa. Mimi ndiye niliyemtuma. Hata yale maneno ya kukwambia nilimpa mimi. Na redioni akasema ni yeye peke yake."

Bosi alimtazama mama wa watoto wake. Kisha akalia. Walilia wote wawili, kila mmoja upande wake wa kaburi, na sisi tuliosimama pale hatukujua pa kuweka macho yetu.

Kwa mke wa marehemu, tunakupa pole sana, mama. Kwa dada yake, pole. Kwa wale watoto wawili, ambao leo ni watu wazima na ndio waliobeba jeneza la mjomba wao, poleni. Na wewe Bosi, pokea pole zetu, maana nawe umefiwa. Mungu awape subira, nyote mliokuwa naye.

Mimi sitawaamulia kama alikuwa mwema au mbaya. Bishaneni, kama mlivyozoea kubishana Alhamisi. Ila kabla hamjaanza, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja amfikirie mtu mmoja mtaani kwake anayechekwa kwa jambo ambalo wewe unajua ni kweli. Umempata? Basi zima redio, uende ukamsemee.