Fundi Cherehani na Ini Lililoziba Sikio

Wasikilizaji wapendwa, kama uko kwenye cherehani, pumzisha mguu kidogo. Leo tunamkumbuka mshonaji mwenzako. Mtaani walimwita Fundi Nafasi, kwa sababu kila mteja aliyempima alimwambia, "Nakuachia nafasi kidogo, mwili haukujengwa kwa saruji." Alifariki mwezi uliopita kwa ugonjwa wa ini. Ameacha mke, na mdogo wake wa kike ambaye ni mtafiti wa maabara.

Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi. Ni ugonjwa wa ini, na fundi huyu hakuwahi kuonja pombe. Nalisema mapema kwa sababu hata msibani watu hawakuchunga midomo. Walinong'onezana, "Ini? Basi alikuwa anakunywa kwa siri." Mjane wake aliwasikia. Ameniambia, "Soda na keki, ndiyo, hakuwa na breki. Pombe, hata harufu yake ilimkera. Jamani, mtu amelala kaburini bado mnamsingizia!"

Sasa tumwone akiwa kazini. Chumba chembamba, dirisha moja, cherehani chini ya dirisha. Chupa ya soda aliiweka sakafuni, mbali na kitambaa cha mteja, isije ikamwagika. Kioo kirefu kilikuwa cha wateja. Yeye alikaa. Kutwa nzima alikaa, mguu ukikanyaga, kichwa kimeinama, na asubuhi ya kesho yake ni hivyo hivyo.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Fundi wetu alijishonea mwenyewe, na balaa likaanzia hapo. Mtu mwingine suruali ikimbana hushtuka. Yeye ikimbana aliifumua. Alikuwa ameacha kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma, basi anaachia kidogo, anapiga uzi upya, anavaa, maisha yanaendelea. Miaka nenda miaka rudi, suruali haikumbana. Alijiona buheri wa afya.

Mdogo wake yeye alikuwa anasoma maini. Kazi yake maabara ni kuchunguza jinsi seli za ini zinavyopokea ujumbe, na mafuta yanavyojazana ndani yake. Alikuwa akija kwa kaka yake mwisho wa wiki na makoti yake meupe yaliyotobolewa na dawa, yatiwe viraka. Siku moja alimkuta wifi yake ameanika suruali za fundi, zimegeuzwa ndani nje. Akaona alama za mishono ya zamani, mstari baada ya mstari, kila mmoja umesogea nje ya mwenzake. Akaingia ndani mbio.

"Kaka, hizi suruali unazifumua tangu lini?"

"Suruali yangu, uzi wangu. Kuna kesi?"

"Simama nikupime."

"Wewe? Wewe ambaye kifungo tu kinakushinda?"

Alisimama lakini, huku anacheka. Mdogo mtu akamzungushia futi kiunoni, akasoma, akapima tena. Fundi naye akaacha kucheka.

Hapo ndipo alipoelezwa, na mimi nawaeleza kama alivyoelezwa. Ukila, kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini hubisha hodi kwenye seli za ini na maagizo mawili. La kwanza: acha kumwaga sukari kwenye damu. La pili: tengeneza mafuta, weka akiba. Ini likishaelemewa miaka mingi, huziba sikio moja. "Acha sukari" halisikii. "Tengeneza mafuta" linasikia vizuri sana. Sukari inapanda, kongosho linaongeza insulini, na ini linazidi kutengeneza mafuta. Narudia: agizo moja halisikiki, la pili linasikika. Na ini lenyewe haliumi, halilalamiki.

Fundi alimtazama mdogo wake. "Kumbe linachagua la kusikia. Kama wewe zamani ukiitwa kuosha vyombo."

"Kaka, sitanii."

"Na mimi natania kwa sababu naogopa," alisema. Mkewe anasema hakuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

Alikwenda kupimwa. Daktari akasema mafuta yamelijaa ini, na sehemu yake imeshakuwa kovu. Mafuta hupungua mtu akijitahidi. Kovu lililokomaa ni vita nyingine.

Alijitahidi, wasikilizaji. Soda aliiacha. Jua likipungua alifunga duka akatembea, mkewe pembeni, wakigombana nani anamchelewesha nani. Mafuta yalipungua kweli, vipimo vilionyesha. Lakini kovu lilikuwa limetangulia. Mtafiti ameniambia bila kuficha: "Ini la panya nalijua kwa kulitupia jicho. Kaka yangu nilikaa naye meza moja, nikawa namtania kitambi. Inaniuma, na itaniuma."

Karibu na mwisho, hospitali ilihitaji kuchukua kipande kidogo cha ini kwa sindano. Daktari akamuuliza kama kitakachobaki kinaweza kwenda kwenye utafiti. Fundi akauliza, "Kitafika kwa mdogo wangu?" Akajibiwa kwamba kitafika kwenye maabara yake, lakini bila jina, huko vipande vyote huenda kwa namba, na mtafiti haruhusiwi kujua cha nani ni kipi.

"Afadhali," akasema. "Akijua ni changu atakaa kulia, kazi italala." Akaweka saini.

Wasikilizaji wapendwa, tukitoka hapa tutafakari. Ukisikia fulani amekufa kwa ini, usikimbilie kumhukumu. Na wewe unayejiona mzima, nenda kapimwe. Unayempenda ukiona anabadilika, mwambie, hata akinuna. Atanuna leo, kesho mtaongea.

Kwa mjane, tunasema pole sana, mama. Mumeo ameondoka na jina safi, na leo tumelisema mbele ya watu wote.

Kwa mdogo wa marehemu, pole, dada. Yeye amesharudi kazini. Anajua kipande cha kaka yake kimo humo maabara, kati ya vipande vingi, lakini hatajua kamwe ni kipi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajainamia hadubini, huvisalimia vyote.

"Shikamoo, kaka," anasema. Halafu anaanza kazi.