Isale la Mangi

Kijiwe cha Abdulkadiri kiko Kariakoo, nyuma ya maduka ya vyombo, kwenye benchi refu ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Tangu alasiri birika hukaa juu ya mkaa, vikombe vinaogelea kwenye ndoo, kashata zimejipanga kwenye sinia. Wenyeji wake ni walewale: Bushiri, fundi cherehani mstaafu, wanayemwita Redio kwa sababu hazimwi, Uledi, fundi feni, aliyejipa cheo cha Injinia bila kumsumbua mwalimu yeyote, na Elimringi, muuza viatu vya mtumba, ambaye kama Mchaga yeyote mwenye duka mjini huitwa Mangi. Kwa kawaida hubishana mpira. Siku hiyo mpira uliwekwa pembeni. Msichana wa Kiholanzi, Evelyn, aliyeizunguka Kariakoo tangu asubuhi akiuliza “Elimringi wa viatu yuko wapi”, alikuwa amempata, akamkabidhi jani bichi, refu, lililofungwa fundo. Alisema limetoka Mbokomu, mlimani Moshi, kwa kaka yake Mangi, kisha akaenda Mtaa wa Kongo kutafuta vitenge. Angerudi kuchukua jibu. Mangi alibaki amelishika lile jani kwa vidole viwili, kahawa yake hajaigusa.

– Hiyo ni dawa, alifungua kikao Redio. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja. Haya, mwenyeji unaumwa nini?

– Siumwi.

– Unaumwa, ila hujijui. Chemsha, kunywa kutwa mara tatu, utakuja kunishukuru.

– Dawa gani ina fundo? alidakia Injinia. Hicho kifaa hicho! Ndani ya fundo kuna chipu. Wazungu wanataka kujua viatu vyao vya mtumba vinaishia miguuni kwa nani. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

– Mbona hakielei?

– Kitumbukize kwenye ndoo uone.

– Mtu asinitilie kitu kwenye ndoo yangu, alisema Abdulkadiri bila kugeuza shingo.

Mangi hakucheka. Alijua ni nini tangu alipoliona fundo. Hata kabla ya hapo alikuwa ameshahisi, kwa sababu muuza viatu humtazama mtu kuanzia chini, na buti za yule msichana zilikuwa na udongo mwekundu wa nyumbani kwao. Aliomba kimoyomoyo wenzake warudi kwenye mpira. Hawakurudi.

– Nyie hamjui watu wa milimani, alisema Redio. Kule juu baridi inagandisha maneno mdomoni. Mtu akitaka kusema jambo, anafunga jani. Fundo moja, shikamoo. Mafundo mawili, kuna msiba.

– Na matatu?

– Matatu njoo haraka, mbuzi ameshachinjwa!

– Acha fiksi, mzee.

– Fiksi? Babu yangu alisafiri mpaka Moshi kwa treni. Alikuta bustani nzima inapiga soga.

Abdulkadiri alimjazia Redio kikombe labda anyamaze, kisha akamgeukia Mangi.

– Mimi nasema nilichokiona. Yule binti nilimpa kahawa, akagoma kuliweka hilo jani chini. Kanywa kwa mkono mmoja, mwingine umelishika kama yai. Nikamuuliza, ni nini? Akasema hajui. Kaambiwa tu asiliweke chini mpaka limfikie mwenyewe. Ametoka nalo huko mlimani mpaka hapa, ndani ya basi kutwa nzima, na hajui ni nini! Binti wa watu ana adabu, nyie.

Hapo Mangi akaona haya. Mgeni asiyejua maana ameliheshimu, na yeye anayejua maana amekaa kimya akisubiri watu walitie chumvi.

– Ni isale, alisema.

– Isale ndiyo nini?

– Kwetu mtu akikukosea, akakuletea isale, humkatalii. Awe amekufanyia ubaya gani sijui. Ukilipokea, yamekwisha.

Injinia aliinama akalichungulia.

– Yaani jani tu? aliuliza Injinia. Bila mahakama, bila mjumbe wa nyumba kumi?

– Jani tu.

– Dah! Hao watu wako mbele.

– Basi si umeshalipokea? alisema Redio. Yamekwisha! Kunywa kahawa.

– Nilinyoosha mkono kabla sijaangalia. Hilo halihesabiki.

– Nani kasema?

– Mimi.

Ikabidi aeleze. Kule Mbokomu maji hushuka kwenye mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu ubavuni mwa mlima, na kila kihamba, shamba la ukoo, kina zamu yake. Baba yao alipofariki, Mangi alipanda miche ya kahawa juu ya kaburi la mzee, kando ya migomba. Akarudi Dar akamwachia kaka yake, wakati wa kiangazi, ampitishie maji kwenye zamu yake. Kaka akayapeleka kwenye mboga zake. Miche yote ikakauka. Mangi alipopanda kwao Desemba akakuta vijiti, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba yeye hana ndugu. Tangu hapo, Desemba ikifika na Wachaga wote wakipanda kwao, yeye hubaki Kariakoo kulinda benchi.

– Ngoja kwanza, alisema Injinia. Huo mfereji unapita ubavuni mwa mlima. Walipimaje mteremko?

– Walimwaga maji, wakayatazama yanakotaka kwenda, wakachimba. Penye mwamba wakawasha moto mpaka ukapasuka. Maji yanatembea mpaka leo. Huyo binti kaniambia kakaa kwetu mwezi mzima, anazibua mfongo na wanakijiji, mguu ndani ya tope.

– Bila pampu?

– Bila pampu.

Injinia alishusha kikombe taratibu.

– Mimi nimefunga pampu kwangu Magomeni kwa mikono yangu mwenyewe, na maji hayajawahi kufika ghorofani. Mangi, wazee wenu nawavulia kofia.

– Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Redio kwa heshima kubwa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyejua amekosea au amepatia.

Hapo ndipo akapita Badria, msichana aliyefungua genge la matunda pale jirani juzijuzi tu.

– Shikamooni.

– Marahaba.

Aliagiza kahawa, akasikiliza kidogo, akamtazama Mangi na jani lake.

– Samahani, huyo kaka yako anaitwa nani?

Redio alifungua mdomo. Anajua majina ya paka wa mtaa mzima, na mdomo ulibaki wazi vilevile. Injinia alitazama ndoo. Abdulkadiri, aliyemmiminia Mangi kahawa miaka yote hii, alishika mpini wa birika akafikiri, akakosa. Walimjua kama “yule wa kule juu”. Ndivyo Mangi alivyowafundisha.

Naye akaona aibu, aibu ya kweli. Huyu “yule wa kule juu” ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka mfongo siku za mvua, wakienda shule, ili yeye mdogo afike na kaptula kavu.

– Elibariki, alisema. Jina lilitoka likikwaruza, kama mlango uliofungwa siku nyingi. Akalirudia. Kaka yangu anaitwa Elibariki.

Evelyn akatokea na furushi la vitenge kwapani, jasho linamtiririka. Alimwamkia Redio shikamoo, kisha akasimama mbele ya Mangi.

– Nimwambie nini?

– Mwambie Elibariki anitunzie zamu yangu ya maji. Desemba napanda.

– Na benchi atalinda nani? Redio alilalamika, lakini macho yake yalikuwa yanacheka, na yalikuwa yamelowa kidogo.

Abdulkadiri aliinamisha birika ili ampe mgeni kikombe cha pili. Likadondosha tone moja, basi.

– Kahawa imekwisha, alitangaza.

Mangi akachukua kikombe chake kilichopoa tangu alasiri, akakinywa chote kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umelishika jani.