Jino Lililonyamaza

Kijiwe cha Isihaka kiko Kasulu mjini, ubavuni mwa duka la vipuri vya baiskeli, na benchi lake lilipigiliwa na mtu aliyekuwa na haraka zake. Hapo hutatuliwa mambo ya dunia nzima isipokuwa shida ya aliyekaa hapo. Asubuhi hii mwenye shida ni Laurent, ambaye mji mzima unamwita Mapafu kwa anavyopuliza tarumbeta harusini. Mdomo wake wa juu umevimba kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Jino la mbele, lilelile lililosafishwa mzizi na kuzibwa mwaka juzi, limeharibika tena kwa ndani. Daktari kampa mawili: mzizi ufunguliwe usafishwe upya, au jino ling'olewe, na likitoka hilo tarumbeta ndiyo basi. Miadi ni leo.

— Ling'oe, akasema Profesa. Jina lake ni Nurudini, fundi redio. Uprofesa alijipa mwenyewe. — Si walikwambia wameua mshipa? Waya ukishakatwa, umeme unatoka wapi?

— Sasa mbona linauma? akauliza Isihaka, birika mkononi.

— Hilo haliumi. Linaloumwa ni la jirani. Hili linapokea mawimbi tu.

Vumbi, ambaye kwao ni Raymond, dereva wa bodaboda, akacheka mpaka akajimwagia kahawa.

— Profesa, acha kutupiga kamba. Tatizo la Mapafu ni upepo. Akipuliza, mwingine unaingia kwenye tundu la jino, unapanda kichwani, unakosa pa kutokea. Huo uvimbe ni presha. Ungekuwa tairi, ningeshapunguza.

— Na ule mshipa walioutoa, akasema Isihaka kwa sauti ya chini, waliutupa wapi?

— Jalalani, akasema Profesa. Ulitaka wauzike?

— Ndiyo hapo sasa. Unamtafuta mwenyewe.

— Toka mwaka juzi?

— Kwani mshipa una macho? Unapapasa!

Siku nyingine Laurent angecheka. Leo alikumbuka tu maneno ya daktari wa mara ya kwanza: mzizi nimeuziba, lakini hapa juu nimeziba kwa muda, rudi baada ya wiki mbili tuweke ya kudumu, na usidanganyike likinyamaza. Jino likanyamaza. Naye akadanganyika.

— Ila tuseme kweli, akasema Vumbi. Mwezi uliopita, kwenye maziko ya mama yako kule Rungwe Mpya, uliniliza. Umeweka tarumbeta mdomoni, ikatoka sauti moja, ukashindwa. Uchungu wa mama, we acha tu.

— Ego, ndiyo, akaitikia Isihaka. Mtoto wa kweli ni yule.

Kila mtu alishamwambia Laurent hivyo, na kila mara alitamani ardhi ipasuke. Mama yake, Josepha, alimwomba jambo moja tu, wakati bado ana nguvu za kupalilia maharage yake: siku yangu unipulizie, nisiende kimya. Akaenda kimya. Na watu wakamsifu mwanawe.

— Hakikuwa kilio, akasema.

— Nini?

— Pale kaburini. Sikushindwa kwa uchungu. Lilikuwa jino. Nilipobana mdomo likanichoma mpaka machoni. Mama nilimlilia baadaye, nyumbani, kwa aibu.

Mwishoni mwa benchi alikaa Godson, mwalimu aliyehamishiwa Kasulu juzi tu, hata jina la kijiweni hajapewa.

— Samahani, mzee wangu, akasema. Daktari alikwambia urudi?

— Aliniambia. Sikurudi.

— Sasa nani alikwambia usirudi?

Profesa akainama kutazama kikombe chake. Vumbi akaanza kusafisha ufunguo wa pikipiki kwa ukucha. Isihaka akainua birika, na vikombe vyote vilikuwa vimejaa. Maana ilikuwa hapohapo, mwaka juzi, Profesa aliposema jino likinyamaza limepona, Vumbi akaongeza kwamba madaktari wanapenda tu kusumbua watu, na Isihaka akamwongezea Mapafu kahawa.

Laurent akawatazama mmoja mmoja. Angeweza kuwataja. Lakini wao walikuwa wakipiga soga tu, kama kawaida yao. Yeye ndiye aliyezifanya soga ushauri, akamwachia mama yake alipe.

— Miguu ya kurudi kwa daktari ilikuwa yangu, akasema. Vumbi, washa pikipiki. Nakwenda kusafishwa upya.

Hakuna aliyetoa wazo. Njiani Vumbi alijaribu kumsemesha mara mbili, akaacha. Walipopita pale magari ya Rungwe Mpya yanapojaza abiria, Laurent aligeuza uso upande wa pili.