Mzee Salvator na Faranga Iliyosuguliwa

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, vijana mliokaa nyuma mkidhani hamwonekani, na wageni wetu wa chama cha wakusanya sarafu cha Parramatta, hapa Sydney, ambao Keza anawatafsiria hapo pembeni, familia inawasalimu. Inayosomwa ni safari ya Mzee Salvator Bigirindavyi, na anayesoma ni Kubwimana, mtoto wa mdogo wake, ambaye atajitaja kwa jina kama mtu mwingine, maana aibu hubebeka kidogo ukiiita ya jirani. Karatasi hii ameiandika mwenyewe na familia imeipitisha, ila ndani yake umo mstari mmoja wa uongo, na leo asubuhi Kubwimana ameapa mbele ya kioo cha bafuni kwamba akiufikia hatausoma.

Marehemu alizaliwa Makamba, kusini mwa Burundi, mwaka 1965, msimu wa kupanda maharage, ingawa karatasi za ukimbizi zinasema tarehe 1 Januari 1962, kwa sababu karani wa kambini alikuwa na haraka, na ndiyo maana nyumba yao nzima ina siku moja ya kuzaliwa na keki moja. Shahidi wa mwaka wa kweli alikuwa faranga moja ya manjano, iliyotengenezwa mwaka huohuo, ambayo baba yake aliileta siku ya uzazi, mama yake akaifunga kwenye pindo la kitenge, na mwaka 1972 akavuka nayo mpaka kuingia Tanzania, mkono mmoja ameshika pindo hilo, wa pili ameshika mtoto.

Alisoma Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, akamaliza darasa la saba mwaka 1981 akiwa wa pili, habari ambayo Kubwimana, aliyeitoroka shule hapahapa Mount Druitt akiwa darasa la kumi, alikumbushwa karibu kila Jumapili. Akawa fundi baiskeli, akarudi kwao, na tarehe 14 Julai 1990 akafunga ndoa na Mama Médiatrice, wakajaliwa Keza, Blaise na Divine. Vita vya mwaka 1993 vikawarudisha Tanzania, kambi ya Mtabila, Kasulu, na huko mwaka 2003 akaongezewa mtoto wa nne ambaye hakumwomba, yatima wa mdogo wake, mwenye mdomo mrefu kuliko siku ya njaa, ndiye huyu.

Waliingia Sydney tarehe 9 Agosti 2007, na kuanzia Machi 2009 marehemu alifanya kazi katika nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwavisha, na mzee mmoja kati ya hao, mkusanya sarafu, alimfungulia albamu zake, ugonjwa wa sarafu ukamwambukiza, mwaka 2014 akajiunga na chama.

Wengi hamkuelewa, na Kubwimana ndiye aliyeongoza msafara wa kutoelewa, kwa nini mtu alipe dola themanini ili ipimwe sarafu isiyofika dola tatu, na mezani alisema kwamba huko ni kumshonea kuku suti. Marehemu hakukasirika, alieleza kwamba anayelipa hanunui thamani, ananunua neno la mtu asiye na upande, maana sarafu husafiri hadi ng'ambo kwa watu wasiomjua mwenyewe, wakaitazama kwa lenzi kama ni halisi au ya kughushi, na mikono imeila kiasi gani, wakaipa namba kati ya moja na sabini, wakaifungia kwenye kasha la plastiki isiguswe tena, na tangu hapo hata mgeni wa mbali ataiamini. Wapo wanaofanya hivyo ili washindane nani ana iliyo bora, yeye alitaka tu ile 1965 iandikwe na mkono wa mwingine. Alisema, "Anayenipenda atasema sarafu yangu ni nzuri. Mimi nataka aseme asiyenijua."

Linalofuata halimo kwenye karatasi: Jumamosi, tarehe 12 Juni 2021, Kubwimana alitumwa kuipeleka kwa wakala wa wapimaji hao, Parramatta, naye tayari alikuwa ametamba kwa wenzake wa ghala la Ingleburn, anakoendesha forklifti, kwamba itapita sitini. Akaitazama, nyeusi. Akakumbuka Mtabila mwaka 2006, siku ya mahojiano ya kuletwa huku, jinsi Mama Mkubwa Médiatrice alivyomsugua kwa dodoki hadi shingo ikawaka moto, kwa sababu huendi mbele ya mzungu mwenye maisha yako mkononi ukiwa na vumbi magotini, na walipita. Basi akachukua dawa ya meno na mswaki mkuukuu, akaisugua faranga hadi ikang'aa, asijue kwamba ule weusi wa miaka ndio ngozi ya sarafu, na wapimaji huutafuta kwanza, na kusugua ni kuchuna.

Novemba ikarudi ndani ya kasha, kibandiko kikisema Burundi, faranga moja, 1965, halisi, imesafishwa, na mahali pa namba hapakuwa na namba.

Mahali pa hayo karatasi ina ule mstari wa uongo, kwamba marehemu aliisafisha mwenyewe kwa kutojua. Ndivyo alivyoiambia familia na chama, na kila Februari mwenyekiti, Bwana Neville, aliiweka sarafu hiyo mezani kuwaonya wanachama wapya, wakamwita marehemu Bwana Dawa ya Meno, naye akasimama, akacheka, akasema ni mimi. Kubwimana, dereva wake, alikaa nyuma akila biskuti, akacheka pamoja nao, miaka minne. Mara moja tu, wakirudi nyumbani, alianza kusema, marehemu akamkata: "Endesha gari, mwanangu. Wale hawajakujua bado, wasianze kukujua kwa hilo."

Septemba 2024 figo zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akatania kwamba sasa na kibandiko chake kitasomeka amesafishwa, wote wakacheka isipokuwa mmoja. Alifariki hospitalini Jumapili, tarehe 3 Agosti 2025, mchana, mkewe na watoto wakiwa kitandani pake, Kubwimana akiwa chini anatafuta pa kuegesha gari, bado anapanga maneno.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi Gakii aliyemsemesha Kiswahili hadi mwisho, majirani wa Mount Druitt kwa sufuria ambazo hatujui ni za nani, wafanyakazi wenzake, na chama cha sarafu. Keza, hili linarudiwa ili ulitafsiri bila kupunguza: Bwana Neville, Mama Mkubwa, nyote, aliyeisugua ni Kubwimana, na mwenye sarafu alijua tangu siku ya kwanza. Hamkumjua kijana huyu, basi leo mwanze kumjua kwa hilo.

Baba Mkubwa, keti sasa, hapa amesimama mwenye kosa mwenyewe. Pumzika kwa amani uliyocheleweshewa.